Romani za Wakati Ziwa Limefungwa

Feza mwanangu,

Umeenda kwa Mama Bwalya kusukwa nywele, na kwa namna ninavyomujua Mama Bwalya na kinywa chake, hautarudi mbele ya jua kugusa maji. Nimeweka maharagi motoni, nimekaa kwenye mulango, na kalamu hii ya biki ya bluu nimeitoa katika mufuko wako bila kukuuliza. Mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka kama masua iliyobeba watu kupita kiasi. Uvumilie.

Habari ya kofuli ya sanduku, ya kuchemsha maji, ya kutoazimisha watu ndala zako, hiyo sitaiandika. Nimekwambia yote kwa kinywa, tena na tena, mpaka jana ukanijibu, "Mama, hata kuku wa hapa nyumbani wamekwisha kushika hiyo somo." Nilicheka, lakini nilisikia. Basi karatasi hii si ya mambo hayo. Ni ya romani, vitabu vya hadithi.

Usicheke mbio. Najua unakwenda Kasama kujifunza kazi ya kutunza wagonjwa, na watakupa vitabu vya damu na mifupa, vizito kama tofali. Lakini chini ya kikwembe cha kijani, kile kitenge chako, katika sanduku lako nimeweka vitabu vingine, vya zamani, vyenye kunuka moshi na samaki. Nataka ujue kwa nini viko pale, na kwa nini mimi, mutu niliyeacha masomo katika mwaka wa tatu wa primeri, ninakubebesha vitabu wewe uliyemaliza sekondari.

Sababu ni telefone. Ninaogopa telefone.

Wewe ulikuwa mudogo tulipotoka Pweto. Nyanya yako, mama yangu, alikataa kutoka. Alisema yeye ni mukubwa kuliko vita, basi vita ndiyo ikimbie. Na kweli ilimupita, akabaki na nyumba yake na uwanja wake. Sisi tulifika huku Zambia, na nilipopata telefone nikaanza kumupigia kila siku ya Mungu kiisha ibada. Unakumbuka maongezi yetu? Ulikuwa unakaa kando yangu na kutuiga, mpaka baba yako anashika tumbo kwa kucheka:

"Alo, mama, jambo."

"Jambo, mwanangu. Mumelala?"

"Tumelala. Na ninyi?"

"Tumelala. Mumekula?"

"Tumekula kidogo."

"Habari ya huko?"

"Paka Mungu."

"Kweli, paka Mungu, ni Yeye tu. Batoto?"

"Bazima."

"Aya, sawa. Mulale muzuri."

Kila juma, hivyo hivyo. Sisi wawili tuliokuwa zamani tunaongea toka nyumba mpaka shamba, na toka shamba mpaka mutoni, na tukifika mutoni tunasahau ndoo kwa sababu habari haijaisha! Kiisha nyanya yako akafa, nikavuka kwenda kumuzika. Pale kwenye kilio jirani yake ananiambia, anacheka na machozi yanashuka, "Mama yako alitushangaza na ile kinga yake." Nikauliza, kinga gani? Kumbe katika miaka yake ya mwisho mama yangu alijifunza kupanda kinga, baiskeli. Kwa uzee ule! Mutoto wa jirani anamushika kwa nyuma, yeye anapiga makelele, mbuzi wanatawanyika. Mutaa muzima ulikuwa unatoka inje kumutazama. Watu wote walijua, na mimi binti yake nilijua tu kwamba amelala na kwamba amekula.

Hatukugombana, Feza. Hakuna aliyemukosea mwenzake. Ni kwamba yeye hakuona soko langu, na mimi sikuona uwanja wake, na mutu anachoka kueleza kitu mwenzake hakioni. Anaona ni kazi bure, anasema, "Paka Mungu." Namna hiyo ndiyo watu wanaopendana wanapotea, pole pole, kila mumoja amelala vizuri na amekula. Sitaki hivyo kwako na kwangu. Nimewaza sana ni kitu gani mutu wa Kasama na mutu wa Nchelenge hapa kwetu wanaweza kukiona wote wawili kwa siku moja, na sikupata kingine kuliko mutu wa ndani ya romani. Yeye yuko pale pale kwa wote wawili. Yeye hahami.

Sasa nikueleze namna mimi nilivyofika kwenye romani, maana wakati ule wewe ulikuwa unakimbia na wenzako kutafuta maembe mabichi, na ulipokuwa mukubwa ukashikwa na mambo ya telefone kwa kiingereza.

Tantini Odette unamukumbuka kwa bitumbula vyake, maandazi yale. Mimi ninamukumbuka kwa sanduku. Wakati wa kukimbia, wengine walibeba sufuria, wengine magodoro, mumoja alibeba mulango wa nyumba yake. Tantini Odette alibeba sanduku la romani za bwana yake marehemu, juu ya kichwa, toka Pweto mpaka kambini. Baba yako alimuchokoza njia nzima:

"Tantini, batu banakimbia na sufuria, weye unakimbia na makaratasi. Tutakula nini? Sura ya kwanza?"

"Weye Papa Feza, shika sufuria yako upike bukari. Miye nitapika kichwa yako, maana ni yenyewe iko mbichi."

Hakuna aliyefungua sanduku lile mpaka tulipohamia huku karibu na soko na ziwa likafungwa. Unajua hali ya miezi ile. Serikali inafunga uvuvi ili samaki wazae, masua yanalala tumbo juu kwenye muchanga, nyavu zinapandishwa kwenye dari, na sisi wauzaji wa chisense, dagaa wa ziwa hili, tunabaki kutazamana. Mvua inanyesha. Wanaume wanakuwa wakali bila sababu. Mwaka ule wa kwanza nilifikiri nitapata wazimu kwa kukaa. Ndipo Tantini Odette alipopita mulango kwa mulango: "Kesho mukuje kwangu kumenya karanga. Muleteni mikono na masikio."

Tulifikiri ni mambo ya kanisa. Tulipokaa akatoa kitabu ambacho jalada lake lilikuwa limeanguka, akasoma. Siku ya pili akanipa mimi. "Soma, Mama Feza." Nikasema sijui. Akasema, "Unaimbaka mu kanisa na kitabu mu mukono. Ile ni nini, feni?" Basi nikasoma, kidole chini ya kila neno, jasho likinishuka. Mama Kalumba wa kisiwa cha Chisenga, yule munene mwenye sauti, aliyekuwa amevuka kutuona, akapiga mikono:

"Aa! Huyu anasoma sawa mutu anatafuta miba mu samaki!"

Wote wakaanguka kwa kicheko. Nilitaka kutupa kitabu. Tantini Odette hata hakuinua macho kwenye karanga zake: "Mwenye kutafuta miba hakwamiwi na samaki. Endelea."

Nikaendelea, na nimeendelea mpaka leo.

Kile kitabu cha kwanza sisi tunakiita Romani ya Mushonaji, juu jina lake la kweli lilipotea na jalada. Ni Kiswahili cha zamani kidogo, kile cha kuonja pole pole. Kuna mwanamuke mumoja, mushonaji, fundi kabisa kwa mashine ya kuzungusha na mukono. Bwana yake anataka kuoa bibi wa pili. Na katika muji ule hakuna mushonaji mwingine mwenye kujua nguo za arusi. Basi nguo ya bibi mupya inaletwa kwake. Na yeye anaishona. Anaishona vizuri! Ukurasa kwa ukurasa, kola, mikono, shanga za kifua. Siku ile tulipofika pale, karanga zilisahauliwa.

"Aiunguze na pasi!" Mama Kalumba akalia. "Mapema! Aseme ni umeme!"

"Umeme wapi, ni mambo ya zamani, pasi ya makala."

"Basi aseme ni makala!"

"Ana heshima ya kazi yake," mwingine akasema.

"Heshima! Heshima italala nayo mu kitanda?"

Tulibishana mpaka maji ya jioni, na kesho yake sokoni bado tunabishana, watu wanauliza, ni nani huyo mwenye kuolewa, ni jirani yetu? Mwanangu, sijui kukueleza namna gani furaha ile. Tulikuwa wanawake wa kukimbia, wa kupanga mustari, wa kuulizwa jina letu na la baba na la kijiji. Na sasa tunagombana juu ya shanga za kifua cha mutu asiyekuwako. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mutu aliyekula.

Kiisha wanawake wengine wa Chisenga na wa kijiji cha Puta wakataka nao. Kitabu ni kimoja. Tantini Odette akachukua kisu, akakipasua kwenye mugongo vipande vipande, na kila kipande akakishona na uzi wa kutengeneza wavu. Nilimushika mukono nikisema, "Tantini, ni zambi!" Akanijibu, "Zambi ni buku kulala mu sanduku." Toka siku ile ndiyo desturi yetu. Kipande cha kwanza kinakwenda Chisenga na masua ya wasafiri, cha pili kinabaki hapa, cha tatu kiko Puta, kiisha tunabadilishana, kama watu wanaogawa samaki mumoja munene. Ndiyo maana romani zetu zote zina makovu mugongoni.

Ilileta makosa pia. Mama Kalumba alitumiwa kipande cha mwisho mbele ya kipande cha katikati, na hakuuliza. Akalia kilio chote cha mwisho bila kujua analilia nani. Alipokuja sokoni nikafikiri ataniua. Kumbe ananiambia, "Mama Feza, miye nitasomaka hivi sasa. Nikijua nani atakufa, ninamusalimia muzuri toka mwanzo." Mpaka leo anaanza na mwisho. Mwanzoni nilibishana naye kwamba si haki. Sasa ninamuacha. Kila mutu ana mulango wake wa kuingilia.

Feza, wakati Tantini Odette aliporudi Congo, Lubumbashi, kwa mutoto wake, sanduku aliniachia mimi. Na ndipo nilipoona kwamba kupenda romani ni kitu kimoja, na kumuchagulia mutu romani ni kitu kingine. Utakutana nacho huko. Utakaa na wagonjwa wanaotazama dari, na wasichana wa chumba kimoja nawe wanaolilia kwao, na utataka kuwapa kile kilichokusaidia wewe. Nikwambie nilivyopotea, pengine njia yako itakuwa fupi.

Kwanza nilikuwa na haraka. Nilipenda kitabu, nikaona dunia yote ikipende leo. Nilimushika Mama Kalumba sokoni, nikamusimulia Romani ya Juji, ya hakimu mumoja, nikachangamuka, nikafika mpaka mwisho bila kujua. Akanirudishia kitabu kifuani. "Umekula samaki, unanipa harufu. Shika kitu yako." Na ni yeye yule anayependa kuanza na mwisho! Lakini anataka kuufungua kwa mukono wake mwenyewe. Toka pale, nikimupa mutu romani, ninamupa mutu mumoja na shida yake moja, kiisha ninafunga kinywa. Kuna juji ambaye ametambua kitu kibaya. Unataka kujua? Shika.

Kiisha nilikosa wakati. Nilimupa mutu kitabu kwenye mwezi wa ziwa kufunguliwa. Alikuwa ni Mama Kalumba tena, nisamehe, lakini maisha yangu yamejaa Mama Kalumba. Alikuwa ametandaza chisense zake zote kwenye muchanga kule Chisenga ili zikauke, naye amekaa kando kuzilinda na kunguru, na kipande cha kitabu kwenye magoti. Mvua ikatoka upande wa Congo. Watu wanakusanya, wanaita, "Mama Kalumba, mvula!" Yeye anajibu, "Ndiyo, ndiyo," kama mutu anayeongea katika usingizi. Zote zililowa, zikaharibika. Alivuka na masua ya kwanza kuja kunitukana mbele ya soko lote: "Weye na buku zako! Mutaniua na njaa!" Nikainama, nikaomba musamaha. Akakaa juu ya ndoo yangu, akapumua, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini ule mwanamuke, alipasua ile barua ao hapana?" Basi tuliweka sheria: ziwa likifunguliwa, romani zinalala. Kwako itakuwa miezi ya mitihani. Usimupe mwenzako romani mbele ya mutihani, hata akupigie magoti. Na wewe vile vile.

La tatu si la kucheka. Unamujua Mama Sifa, aliyefungiwa mutoto wake kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilimupenda, na nilisoma ile Romani ya Juji nikaona, kumbe hiki kiliandikwa kwa Mama Sifa! Nikamupelekea na moyo moto, nikamwambia, "Hii itakuponyesha." Kesho yake asubuhi nilikuta kitabu kwenye mulango wangu, kimefungwa vizuri katika kitambaa. Miezi mingi tulikuwa tunapitana kwa salamu tu. Nililia kwa hasira, kwanza juu yake, kiisha juu yangu. Nilikuwa nimemwambia mutu mwenye kidonda kwamba ninajua dawa, na hakuwa ameniuliza. Sikupeleka tena. Nilikiweka tu kwenye meza ya soko, kando ya kopo la chumvi, palipo wazi. Mwaka mwingine, ziwa limefungwa, alisimama mbele yangu, akakitazama, akasema, "Ule mama wa mu buku, anaitwa nani?" Nikamwambia jina lake. Akakibeba. Mpaka leo hajaniambia alionaje, na mimi sijauliza. Lakini anakishika mpaka sasa, ndiyo maana Romani ya Juji haimo katika sanduku lako. Ukipata nyingine huko, isome, ni Kiswahili chepesi. Juji mumoja amemuhukumu kijana, kiisha anatambua kijana hakuwa na kosa, na tayari ni kuchelewa. Anaanza kwenda kula kwa mama ya yule kijana kila siku ya Mungu, na mama hajui anamupikia nani. Unaona nimefunga kinywa.

Nilichokuwekea ni Romani ya Koti, nzima. Ni ya inchi ya baridi kali, ndugu wane na koti moja, ya baba yao. Anayetoka inje ndiye anayevaa, basi wanaishi kwa zamu: mumoja anafanya kazi, mumoja anapenda musichana, mumoja analewa, na muji wote unafikiri ni mutu mumoja kigeugeu. Ni ya kucheka mpaka pale inapoacha kuwa ya kucheka. Hii ni nzuri kwa wasichana wanaolala chumba kimoja na kugombania ndoo. Isomeni kwa sauti. Anayesoma vibaya ndiye apewe zamu ya kwanza, hiyo ni sheria ya Tantini Odette, na nimeona faida yake.

Na nimekuwekea nusu ya Romani ya Mushonaji. Nusu tu. Umesikia? Ile ya mwanzo, mpaka nguo imeletwa na mushonaji anachukua vipimo. Nusu ya pili iko hapa kwangu, chini ya muto, na haitoki. Ukitaka kujua, utapiga simu. Ndiyo, ni mutego. Baba yako amesema ni mutego wa mwanamuke asiyeamini mutoto wake. Nimemujibu kwamba mimi ninamuamini mutoto, ni telefone nisiyoiamini.

Lakini si mimi tu wa kukushika. Wewe nawe utanipa. Katika vitabu vyako vya kiingereza kuna kile kinene ulichokuwa unasoma ukijifunika kitambaa, na nilipokuuliza unalia nini ukasema, "Hakuna, Mama." Nilikifungua ulipokwenda masomoni. Nilitambua maneno machache, "mama", "nyumba", "mvua", yale uliyonifundisha wewe. Sikupita pale. Nilisikia kama mutu anayesimama inje ya nyumba ya watu na kusikia sufuria zinagonga ndani. Unisimulie kile. Pole pole, siku kwa siku, kwa Kiswahili chetu, hata kama Bemba inaingia, hata ukikosa neno. Mama mwenzangu anatuma mutoto masomoni ili arudi na mushahara. Mimi nataka pia kujua ulilia nini.

Najua utakuwa na kazi. Najua kutakuwa siku ambazo utapiga na kusema tu, "Mama, nimelala, nimekula," na mimi nitashukuru Mungu kwa hilo, usifikiri sitashukuru. Mama anataka kusikia hilo mbele ya yote. Lakini kiisha hapo, ongeza kitu. Hata kidogo. Niambie yule ndugu mulevi amefanya nini na koti. Nitajua uko muzima kwa namna unavyomusema.

Maharagi yanaungua, ngoja.

Nimerudi. Ni jioni sasa. Ulikuja, Feza, nywele zimekupendeza, na Mama Bwalya amekukaza mpaka macho yamepanda kama ya paka. Nilificha karatasi chini ya sinia. Ulisema unapanga sanduku mara ya mwisho, ukaingia chumbani, na hukutoka. Nilikuita kwa chakula. Nikakuita tena. Nilifikiri unalia, nikabaki kwenye mulango na mukono juu ya pazia, nisijue niingie ao niache.

Ndipo ulitoka. Hukuwa unalia. Ulikuwa na kipande cha kitabu mukononi, kidole ndani yake, na uso ule wa kuudhika ulioutoa kwa baba yako. Sasa umeenda kwa wenzako wa kwaya kuwaaga, ndiyo maana ninaandika haya mbio mbio, ili yakae katika karatasi kama yalivyokuwa.

"Mama," ulisema, "huyu mushonaji, bibi mupya anakuja kupimwa kwake, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Anasimama mbele yake, anainua mikono, anapimwa kifua."

"Ndiyo. Kuja kula."

"Sasa ule musichana alijua? Alijua ni nani anamushonea?"

Feza, miaka yote hii, karanga zote zile, Chisenga, Puta, hapa, tulibishana juu ya bwana, juu ya mushonaji, juu ya pasi. Musichana tulimutukana tu, kiisha tukamusahau. Hakuna hata mumoja wetu aliyeuliza kama alijua. Hata Tantini Odette. Na mimi ninayejua kitabu kile kama njia ya mutoni, nilitafuta kichwani mwangu, nikatafuta, sikukuta.

"Sijui," nikakuambia.

"Namna gani haujui? Si umekisoma mara mingi?"

"Nimekisoma, lakini sikumutazama."

Ulinitazama, kiisha ukacheka, ukakaa chini, ukavuta sahani. Na ukaanza kunieleza kwa nini unafikiri alijua: juu hakugeuka hata mara moja kujitazama kwenye kioo. Ulikula na kuongea na kinywa kimejaa, na sikukukataza. Maharagi yalikuwa yameungua na hukusema kitu.

Kesho basi ikiondoka sitakimbia nyuma yake kama wamama wengine, nimekwisha kukuahidi. Nitarudi nyumbani, nitatoa nusu yangu chini ya muto, na nitaanza kumutafuta yule musichana, ukurasa kwa ukurasa, na kidole. Nikimuona mahali, nitakuambia. Na wewe ukimuona mbele yangu, piga, hata kama niko sokoni na mikono imejaa samaki, nitamupa Mama Kalumba ashike mizani.

Mama yako,
anayesoma bado pole pole